Ngome ya Kumamoto: Historia yake na namna ya kuitembelea

NGOME ya Kumamoto, iliyopo katikati ya jiji lenye jina hilo katika kisiwa cha Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani, ni miongoni mwa ngome mashuhuri zaidi nchini humo. Hata hivyo, mgeni afikaye leo hakuti jengo lililokamilika. Hukuta kuta zilizobomoka, mawe yaliyopangwa safu kwa safu huku kila moja likiwa na namba yake, na mafundi wanaofanya kazi ambayo, kwa mujibu wa ratiba ya jiji, itakamilika mwaka wa fedha wa 2052.

Mjenzi wa ngome hiyo ni Kato Kiyomasa, jemadari aliyezaliwa mwaka 1562 na kupewa utawala wa eneo hilo akiwa bado kijana. Ujenzi ulianza mwaka 1601 na kumalizika mwaka 1607. Eneo la ngome lilikuwa na mzunguko wa kilometa zipatazo tano, likiwa na minara midogo 49, mbali na mnara mkuu na malango mengi.

Kiyomasa alikuwa ameonja shida ya kuzingirwa. Katika vita vya Japani dhidi ya Korea, majira ya baridi ya kuamkia mwaka 1598, yeye na askari wake walizingirwa katika ngome ya Ulsan wakakosa chakula na maji. Wenyeji wa Kumamoto husimulia kuwa ndiyo sababu alichimba visima 120 ndani ya ngome yake mpya, akapanda mti wa ginkgo ambao mbegu zake huliwa, na hata kujaza mikeka ya sakafuni mabua makavu ya mimea yawezayo kupikwa siku ya njaa.

Kuta zinazomrudisha adui

Sifa kubwa ya ngome hii ni kuta zake za mawe. Chini kabisa ukuta umelala kidogo, kiasi kwamba adui huona anaweza kuupanda. Kadiri anavyopanda ndivyo unavyozidi kusimama, na karibu na kilele huwa wima kabisa. Wajapani huuita mtindo huo musha-gaeshi, yaani kitu kinachowarudisha wapiganaji walikotoka.

Ukoo wa Kato haukudumu. Mwaka 1632 mwana wa Kiyomasa alivuliwa utawala, na ngome ikakabidhiwa ukoo wa Hosokawa, uliokaa hapo hadi tawala za majimbo zilipofutwa mwaka 1871. Miyamoto Musashi, mpiganaji wa upanga ajulikanaye duniani kote, alikaribishwa na ukoo huo mwaka 1640 na kufariki Kumamoto mwaka 1645.

Ajabu ni kwamba mtihani wa vita uliifika ngome baada ya zama za samurai kupita. Mwaka 1877 Saigo Takamori aliongoza uasi wa samurai wa Satsuma dhidi ya serikali mpya, naye akaizingira Kumamoto, iliyokuwa kambi ya jeshi la serikali. Siku chache kabla ya mapigano, tarehe 19 Februari, moto uliteketeza mnara mkuu na kasri la mtawala. Chanzo chake kingali kinabishaniwa. Hata bila ya mnara, askari wapatao 3,500 walijihami kwa zaidi ya siku 50 dhidi ya waasi waliowazidi mara kadhaa kwa idadi, na kuta za Kiyomasa hazikupitika.

Usiku wa tetemeko

Mnara mkuu uonekanao sasa ulijengwa upya kwa zege mwaka 1960, ukifuata sura ya ule wa kale. Mnara wa Uto, kwa upande mwingine, ni wa mbao za zamani na ulinusurika moto wa 1877.

Aprili 2016 ardhi ilitikisika mara mbili: tarehe 14 saa 3:26 usiku kwa ukubwa wa 6.5, na tarehe 16 saa 7:25 usiku kwa ukubwa wa 7.3. Watu 50 walikufa kwa madhara ya moja kwa moja ya tetemeko, na vifo vyote vikijumlishwa, vikiwamo vilivyotokana na taabu zilizofuata, vilizidi 270. Katika ngome, majengo yote 13 yaliyoorodheshwa na taifa kuwa urithi muhimu yaliharibika, na takriban asilimia 30 ya kuta za mawe zilipata madhara. Kona moja ya mnara wa Iidamaru ilibaki ikishikiliwa na nguzo moja ya mawe ya pembeni, taswira iliyosambaa duniani.

Uchunguzi ulionyesha kuwa sehemu nyingi zilizoporomoka ni zile zilizowahi kuharibiwa na tetemeko la mwaka 1889 na kujengwa tena baadaye. Fundisho hilo ni zito kwa waashi wa leo: ukuta uliorudishwa haraka bila kufuata ufundi wa awali unaweza kuwa mahali pa kuangukia tena.

Kwa sababu hiyo kila jiwe huandikwa namba, hupigwa picha na kulinganishwa na picha za zamani ili lirudishwe mahali pake halisi. Mnara mkuu ulipewa kipaumbele kwa kuwa ni alama ya jiji, nao ukafunguliwa tena kwa wageni Juni 2021. Basi mgeni asidanganyike na weupe na weusi wake mpya: kilicho cha kale zaidi, yaani kuta na minara ya mbao, ndicho kinachosubiri zaidi.

Kwa anayetaka kwenda

Kutoka kituo cha Hakata mjini Fukuoka, treni ya mwendo kasi hufika Kumamoto kwa muda usiozidi saa moja. Kutoka kituoni hapo, tramu huwashusha abiria jirani na ngome, katika kituo cha Kumamotojo Shiyakusho-mae.

Kwa kawaida ngome hufunguliwa saa 3:00 asubuhi na kufungwa saa 11:00 jioni, mgeni wa mwisho akiingia nusu saa kabla. Kiingilio kilichopangwa mwaka 2021 kilikuwa yeni 800 kwa mtu mzima na 300 kwa mtoto wa shule. Ni vyema kuhakikisha bei na njia zilizo wazi kabla ya safari, kwani hubadilika kadiri ukarabati unavyosonga.

Wageni hupita juu ya daraja la miguu lililofunguliwa mwaka 2020, lenye urefu wa meta 350 hivi, ambalo huwawezesha kutazama ukarabati bila kuuzuia. Ndani ya mnara mkuu mna maonyesho ya historia, na ghorofa ya juu huonyesha jiji lote. Asiyetaka kulipa anaweza kuuona mnara huo kutoka hekalu la Kato, lililomo eneo la ngome.

Wengi huenda mwishoni mwa Machi, maua ya mcheri yanapochanua. Lakini kwa apendaye historia, majira yote yanafaa. Ngome nyingi humwonyesha mgeni kazi iliyokwisha. Kumamoto inamwonyesha namna ukuta wa miaka 400 unavyosimamishwa tena, jiwe baada ya jiwe, na fursa hiyo itapita kazi itakapokamilika.