Dawa ya Sauti: Mwili wa Kijana Ukiumia, Nani Anajibu?

Zamu ya historia wiki hii imetuangukia sisi wa kwaya na tamthilia, na tuseme ukweli, mwanzoni tulinung'unika. Muhula huu shuleni tumesoma michezo, kuzuia majeraha, uimbaji wa Ulaya wa kipindi cha Romantiki, halafu jukwaa la Wagiriki wa kale. Tukaulizana: hivi mpira na Wagiriki vinakutania wapi? Kumbe vinakutana kwenye kitu kimoja tu, mwili wa kijana anayetumwa mbele za watu ili wengine wafurahi. Na kila mahali tulipofungua tulikuta swali lilelile: mwili huo ukiumia, nani anajibu?

Tuanze Athene, karne ya 5 KK. Kila mwaka majira ya kuchipua kulikuwa na sikukuu ya mungu Dionysos. Watu walikaa kwenye mteremko chini ya Akropoli, na chini kabisa kulikuwa na uwanja wa kuchezea. Waigizaji walikuwa wanaume tu, wamevaa vinyago. Hakuna kipaza sauti. Kwaya ya tamthilia ilikuwa na watu 12, baadaye 15, na hawakusimama wima kama sisi Jumapili, bali waliimba huku wakicheza. Mbali na tamthilia kulikuwa na mashindano ya kwaya za wavulana. Makabila 10 ya mji, kila moja lilileta wavulana 50. Hesabu mwenyewe, ni wavulana 500.

Nani alilipia yote hayo? Mji ulimteua raia tajiri, akaitwa koregosi. Yeye alitoa hela za mwalimu, chakula, mavazi na mahali pa mazoezi. Kwaya ikishinda, sifa ni zake.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mnamo 419 KK hivi, koregosi mmoja alikuwa anaandaa kwaya ya wavulana kwa ajili ya Thargelia, sikukuu ya Apollo. Mazoezi yalifanyika nyumbani kwake. Mvulana mmoja, Diodotos, akapewa kinywaji, akafa. Maelezo ya kale yanayotangulia hotuba ya kesi hiyo yanasema kinywaji kilikuwa cha kuboresha sauti. Yaani dawa ya sauti! Ndugu wa mtoto wakamshtaki koregosi. Hotuba ya utetezi aliyoandikiwa na Antiphon ipo mpaka leo. Koregosi anasema: mimi nilitenga chumba kizuri, nikachagua watu wa kuaminika wasimamie, siku ile hata sikuwepo, nilikuwa na shughuli za mahakamani, wala sikuagiza mtu ampe mtoto dawa.

Tulipofika hapo tukanyamaza kidogo. Maana maneno hayo tunayajua. "Sikuwepo." "Niliwaachia wengine." Miaka zaidi ya 2,400 imepita, na wakubwa bado wanajitetea vilevile.

Msidhani ni kwaya tu. Karne ya 3 BK, mwandishi Philostratos aliandika kitabu kuhusu mazoezi ya wanariadha. Humo anamtaja Gerenos, mpiga mieleka aliyeshinda Olympia. Baada ya ushindi alikunywa na kula na marafiki, kesho yake akaja uwanjani akiwa hajisikii vizuri, na akasema wazi. Mwalimu wake alikuwa na ratiba ya siku nne, kila siku na zoezi lake, na hakutaka ivurugwe. Akakasirika, akamlazimisha. Gerenos akafa mazoezini. Philostratos hamlaumu mchezaji, anamlaumu mwalimu aliyeheshimu ratiba kuliko mtu aliye mbele yake.

Tuvuke sasa karne nyingi mpaka Ulaya ya karne ya 19, kipindi cha Romantiki. Kuna upande wa utulivu, kama Schubert aliyeandika nyimbo zaidi ya 600, nyingi za sauti moja na piano. Kuna na upande wa opera, ambako okestra zilizidi kuwa kubwa na mwimbaji alitakiwa asikike juu ya vyombo vyote kwa koo lake tu. Makoo mengi yaliharibika.

Mmoja aliyeonja hilo ni Manuel García, aliyezaliwa 1805 katika familia ya waimbaji. Akiwa na miaka 20 alikuwa jukwaani New York na baba yake. Sauti yake ikachoka mapema, akaacha jukwaa, akawa mwalimu Paris. Mwaka 1841 akamjia binti wa Sweden, Jenny Lind, miaka 20, tayari nyota kwao Stockholm. Aliimba sana tangu utotoni, na sasa sauti ilikuwa inakwaruza. Alitegemea mwalimu mkubwa atampa siri fulani. García akamwambia: wiki sita usiimbe kabisa, na hata kuongea uongee kidogo.

Ndo hiyo dawa. Kimya!

Lind alitii. Wiki sita zilipopita akaanza tena polepole, kupumua, sauti moja moja, karibu mwaka mzima wa masomo. Akarudi Stockholm 1842 akaimba, na baadaye akajaza kumbi Ulaya na Marekani. García naye hakuishia hapo. Mwaka 1854, kwa kioo kidogo na mwanga wa jua, aliziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufunga, na mwaka uliofuata akawaeleza wanasayansi wa London. Aliishi mpaka miaka 101.

Na mpira je? Mwaka 2006 wataalamu wa FIFA walitoa programu iitwayo 11+. Ni dakika 20 hivi za kukimbia taratibu, kuimarisha misuli, kusimama kwa mguu mmoja na kuruka vizuri, kabla ya mazoezi. Haihitaji mashine. Waliijaribu kwa timu 20 za vijana wa Lagos, Nigeria, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha waliofuata programu walipata majeraha pungufu kwa takribani asilimia 40. García angeielewa mara moja: mwili unaandaliwa, hauharakishwi.

Sasa turudi kwetu, maana tungeishia hapo tungekuwa waongo. Mwaka jana mmoja wetu aliteguka kifundo cha mguu siku mbili kabla ya fainali. Mtu mzima mmoja wa timu akampa vidonge vya maumivu, akaambiwa "kaza, sisi tunakutegemea". Akacheza, tukashinda. Sisi tulipiga makofi. Leo anachechemea, na mpira anauangalia tu. Koregosi alisema hakuwepo. Sisi tulikuwepo.

Mwaka huu tunaandaa tamthilia ya Aiskhulos kuhusu mabinti wanaokimbia ndoa ya kulazimishwa, wakavuka bahari mpaka Argos kuomba hifadhi. Mfalme anasema hawezi kuamua peke yake, anauliza wananchi, nao wanakubali kuwapokea. Humo kwaya ndiyo mhusika mkuu. Wale mabinti hawana silaha wala mali, kilichowabakia ni sauti. Mnaelewa kwa nini tuliichagua.

Wiki iliyopita dada anayeongoza kwaya yetu sauti ilimkauka. Mtu akaleta chupa: tangawizi, ndimu, na kitu kingine ambacho hakuna aliyejua jina lake. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi. Tukaiangalia ile chupa, tukamkumbuka Diodotos. Tukaimwaga. Dada tumempa daftari na kalamu, anaandika badala ya kuongea, na tumemwambia aende zahanati asipopata nafuu. Wageni tumewaomba wasogeze tarehe. Wengine wamekasirika, hata wazazi.

Sawa, wakasirike. Wakiuliza nani ameamua hivyo, jibu ni sisi, na majina yetu tumeyaandika kwenye karatasi mlangoni pa chumba cha mazoezi.