Mifarishi ya Gee's Bend: nguo ilitoka wapi?

Kila mara wamama wa kundi la kushona wanapopiga hesabu ya mifarishi, yale mablanketi ya vipande, hesabu inakwama pahali pamoja: nguo. Mikono iko, uzi si kitu. Lakini nguo ikinunuliwa mpya kwa mita, faida inabaki kwa mwenye duka. Mbele ya kutoa franka za mfuko wetu, tumeona heri kusoma habari za wengine waliopita humo: watu wa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani.

Ni kijiji cha weusi kilichozungukwa na mto pande tatu. Mababu zao walikuwa watumwa wa shamba la pamba, na wengi wanaitwa Pettway mpaka leo, jina la bwana mwenye shamba. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikufa, jamaa zake wakaja kulipisha deni kwa nguvu. Walibeba mahindi, mifugo, mpaka vyombo vya kulimia.

Watu wa namna hiyo wangenunua nguo na nini? Walikata suruali za shamba zilizoisha magoti, magauni yaliyochakaa, magunia ya unga na ya mbolea. Ndani walitia pamba ya kufagia chini kwenye mashine ya kuchambulia, wakaipiga fimbo mpaka ilainike. Na akili yao ilikuwa hapa: hawakuchagua mchoro kwanza halafu kutafuta nguo. Kipande ndicho kiliamua. Mguu wa suruali unatoa vipande virefu, basi mfarishi ulitoka na mistari mirefu. Kipande kidogo kiliwekwa katikati, vingine vikakizunguka. Mwaka 1942 mama Missouri Pettway alishona mmoja kwa nguo za kazi za mume wake aliyekufa, apate kujifunika kumbukumbu yake.

Biashara ilikuja 1966, wakati weusi walikuwa wanapigania kura. Padri Francis Walter alinunua mifarishi dola 10 mmoja, ikauzwa kwa mnada New York kwa bei zaidi. Ndipo wamama wakaanzisha koperative, Freedom Quilting Bee. Lakini maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, na viraka vya nyumbani havifanani hata siku moja! Shida ya nguo ikarudia. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya foronya za velu ya mistari. Kazi ya kuchosha, ileile kila siku, ila mabaki ya velu yalienda nyumbani, na mifarishi yake inasifiwa mpaka leo.

Koperative hiyo pia ilinunua ardhi na kuwauzia viwanja watu waliofukuzwa mashambani juu ya kujiandikisha kura. Sisi tuliorudia na kukuta wengine katika mashamba yetu, tunajua uzito wake.

Kwa hiyo, kabla ya mkutano, kila mmoja aulize fundi wa jirani yake: mabaki ya vikwembe anayatupa, ao anayauza, na gunia ni ngapi? Nguo ya mita itangoja majibu hayo.