Maneno ya Tahajia Moja: Funzo kutoka Korea

Mwunda istilahi hukabiliwa na matatizo mawili: dhana isiyo na neno, na neno lenye dhana nyingi. Tatizo hili la pili lina historia ndefu huko Korea, nasi twaona yafaa wafasiri na walimu waifahamu.

Kwa karne nyingi wasomi wa Korea waliandika kwa alama za Kichina, na maneno mengi ya Kichina yakaingia katika lugha yao. Toni zinazotofautisha maneno ya Kichina hazikuhifadhiwa; hivyo silabi nyingi zikawa na matamshi mamoja. Msomaji hakutatizika, maana kila silabi ilikuwa na alama yake.

Mwaka 1446 Mfalme Sejong alitangaza alfabeti iitwayo leo Hangul, ili raia wasiojua Kichina wapate kuandika. Wasomi wengi waliidharau, na ni mwaka 1894 tu amri ya serikali ilipoifanya msingi wa maandishi rasmi. Sheria ya mwaka 1948 huko Korea ya Kusini iliagiza hati za serikali ziandikwe kwa Hangul, alama za Kichina zikiruhusiwa kwa muda.

Hapo utata ukadhihirika. *Sudo* ni mji mkuu, tena ni maji ya bomba. *Uisa* ni daktari, tena ni nia. *Banghwa* ni kuchoma mali kwa makusudi, tena ni kuzuia moto! Baadhi ya wataalamu walidai alama za zamani zirudishwe. Wapinzani wao walishikilia haki ya watu wote kusoma. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kuandika hati rasmi kwa Hangul hakuvunji katiba.

Je, utata huondolewaje? Aghalabu kwa muktadha, na kwa kuunganisha maneno: *banghwabeom* ni mhalifu aliyechoma moto, na *banghwamun* ni mlango wa kuzuia moto. Hapana anayekosea.

Nasi tuna neno *kata*, chombo cha kuchotea maji na pia eneo la utawala. Lakini "ofisi ya kata" haimbabaishi mtu. Basi kabla ya kupitisha istilahi tuijaribu ndani ya sentensi, tena sentensi ya sheria au ya onyo, ambamo kosa la msomaji laweza kuleta hasara. Ikiwa yaeleweka kwa namna mbili, tuiongezee neno la kuibainisha.