Debe kumi za Nshamba

Nilikuwa Nshamba, kule Muleba, kwenye msiba wa ndugu, na nimerudi na hadithi ya hesabu. Msicheke, wengi wetu tulizikimbia hesabu tukaingia kwenye uandishi.

Mama mmoja mtu mzima alinieleza kuwa alikopa fedha kwa mfanyabiashara kwa makubaliano ya kumlipa debe kumi za kahawa. Ndiyo ile butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini, ambayo serikali imeipiga marufuku lakini shida za ada na matibabu hazisomi matangazo. Siku ya kulipa, jamaa akaja na ndoo ya plastiki. "Mwanangu, ndoo si ndiyo debe?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuchimba.

Debe lilikuja na mafuta ya taa. Yale mabati ya mraba yakiisha mafuta hayakutupwa. Yalichotea maji, yakapimia mahindi, maharage na kahawa. Waingereza walilihesabu kuwa galoni nne. Galoni yao ni lita 4.546, kwa hiyo debe ni lita 18.18. Ndoo ya plastiki ni lita 20. Tofauti haifiki hata lita mbili, kwa macho huioni. Lakini ndoo kumi ni lita 200, na lita 200 ukizigawa kwa 18.18 unapata debe kumi na moja. Yule mama alilipa debe zima ambalo hakukopa! Hapo sijataja nundu ya juu, maana ndoo haikufutwa kwa ubao. Ni binamu wa lumbesa.

Kinachonishangaza ni kwamba Bukoba iliwahi kutawaliwa na watu wa lita kabla ya galoni. Wajerumani walifungua kituo Bukoba mwaka 1890, na kwao vipimo vya metriki vilikuwa sheria tangu 1872. Hata reli yao ya Dar es Salaam hadi Kigoma ina upana wa mita moja kamili. Waingereza waliishambulia Bukoba Juni 1915, na walipoitwaa nchi wakaleta galoni, painti na ratili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania huru ikarudi kwenye metriki. Vitabu vikabadilika, mizani ikabadilika. Debe likabaki sokoni kama lilivyo, na ndoo ilipokuja ikarithi jina bila kurithi ujazo.

Lita yenyewe nayo imeyumba. Wafaransa waliiweka mwaka 1795 kuwa boksi la sentimita 10 kila upande. Mwaka 1901 wakubwa wa vipimo duniani wakasema hapana, lita ni nafasi ya kilo moja ya maji, na ikatofautiana na boksi kwa sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 wakarudi kwenye boksi. Ndiyo maana leo mililita moja ni sentimita moja ya ujazo bila ubishi, na mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ile "uniti" kwenye bili ya maji ndiyo hiyo, ndoo 50. Wengi hukosea hapa: mita ina sentimita 100, basi wanadhani mita ya ujazo ina sentimita za ujazo 100. Zimo milioni moja, kwa sababu unazidisha mara tatu: urefu, upana na kina.

Moshi na Arusha nao wana sado, kopo la rangi la lita nne. Sado tano ni ndoo moja. Hilo angalau linagawanyika.

Kabla sijaondoka nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukaanza kumimina kwenye debe lake la zamani lenye kutu. Tulimimina kumi na mbili, tukaongeza kidogo, likajaa. Mama akakaa kimya, kisha akamwita mjukuu alete ndoo.

"Sasa mimina na humu."