Mwalimu wetu wa UPE

Desemba iliyopita tulikutana chini ya mwembe wa shule yetu ya msingi, mkoani Singida, watu wazima thelathini na kitu, wengine wamekuja na wajukuu. Pilau iko jikoni, muziki juu, kila mtu anamtania mwenzake kitambi. Mara ikasimama bodaboda, akashuka mzee mwembamba aliyevaa kaunda suti. Muziki ukazimwa bila mtu kuamuru.

"Shikamoo Mwalimu!" tukaamkia kwa pamoja, kama darasani.

Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu. Tena alikuwa, kwa msemo wa enzi zile, mwalimu wa UPE.

Kwa vijana wasioijua habari hii, nieleze kidogo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ipatikane ifikapo 1977. Awali lengo hilo lilikuwa limepangiwa 1989. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeshafutwa mwaka 1973. Madarasa wananchi waliweza kujenga kwa nguvu zao, lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Ndipo serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza ualimu hukohuko vijijini kwa miaka 3. Sehemu ya siku walifundisha, sehemu nyingine walisoma wao, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Watu nao hawakukawia kuwabatiza: UPE, yaani Ualimu Pasipo Elimu.

Nilianza darasa la kwanza mwaka huohuo wa 1977, nikiwa na miaka 9. Tulipofika la nne, mkufunzi alikuja kukaa nyuma ya darasa wakati Mwalimu anatufundisha kugawanya sehemu kwa sehemu. Akakosea. Mkufunzi akasimama, akamsahihisha mbele yetu. Tulicheka, jamani, na mimi nilicheka kuliko wote.

Usiku ule koroboi yake iliwaka mpaka sisi tukalala. Asubuhi aliingia, akafuta ubao, akasema, "Jana nilikosea. Tuanze upya." Hesabu ile sijaisahau mpaka leo. Wala sijawahi kumsikia mwalimu mwingine, hata chuo kikuu, akisema maneno yale mbele ya wanafunzi wake.

Lakini shukrani yangu ilikuwa nini? Ukubwani lile jina nililitumia kuchekeshea watu. Kila palipozungumzwa kushuka kwa elimu, jibu nilikuwa nalo tayari: walituharibia walimu wa UPE.

Basi siku ile nikavuta kiti karibu naye. Nikamwambia yote, na kicheko cha siku ya mkufunzi nikakitaja.

"Nakumbuka," akasema. "Ulikuwa umekaa dirishani. Na lile jina tulilijua. Hata sisi wenyewe tulikuwa tukiitana hivyo."

"Halikuwauma, Mwalimu?"

"Liliuma. Nilikuwa na miaka ishirini, mwanangu. Mchana nawafundisha ninyi, usiku nasoma nitakachowafundisha kesho. Siku nyingine nimewazidi ukurasa mmoja tu."

Akanywa chai yake, kisha akaniuliza, "Sasa wewe msomi niambie. Wale walimu wenye elimu zao walikuwa wachache. Ungewasubiri mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Sisemi mpango ule haukuwa na kasoro. Tulibanana darasani, kitabu kimoja tukakisoma watu wanne, na wapo wenzetu waliomaliza la saba wakisoma kwa kudonoadonoa. Hayo ni kweli na yaandikwe. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa nawalinganisha walimu wale na walimu bora ambao kijijini kwetu hawakuwepo. Ambaye angekuwepo badala ya Mwalimu ni ubao mtupu.

Nikiwa kwenye basi la kurudi Dar, nilipiga hesabu aliyoniachia. Kama nchi ingesubiri mpaka 1989, ningekuwa na miaka 21. Huyo si mtoto wa kuandikishwa darasa la kwanza. Ni mtu mzima anayechunga ng'ombe, anayemwomba mwenzake amsomee barua.

Jana nilikosea, Mwalimu. Naanza upya.