Dadu Iamue Mto, Isiamue Watu: Kuandaa Mchezo wa Mezani Isongole

Ukisimama Isongole, wilayani Ileje, ukatazama upande wa Malawi, hutaona cha ajabu. Mahindi, bodaboda, Mto Songwe. Huku kuna watu wa Kilambya, ng'ambo kuna watu wa Kilambya. Hapo ndipo nilipoandaa mchezo wetu wa likizo, na nikuambie mapema: mara ya kwanza niliuharibu.

Kama hujawahi kucheza, ni rahisi. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anabeba mhusika wake na kuamua afanye nini, halafu dadu inasema kama amefanikiwa. Aina hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, kupitia Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, ila mizizi yake inagusa michezo ya kivita ya maofisa wa Prussia wa miaka ya 1820, iliyokuwa tayari na dadu na mwamuzi. Aliyekua na paukwa-pakawa ataelewa haraka. Sisi dadu tuliazima kwenye ludo ya watoto.

Sasa, hadithi uitoe wapi? Wengi hukimbilia majoka na makasri ya Ulaya. Mimi nikaenda Karonga ya 1887. Barabara ya Stevenson ilikuwa inajengwa kutoka Ziwa Nyasa kuelekea Tanganyika, Kampuni ya Maziwa ya Waingereza inataka pembe za ndovu, na mfanyabiashara Mlozi bin Kazbadema amejenga boma lake karibu na hapo. Jina lenyewe tamu kwa msimulizi: mlozi ni mchawi (au mti wa lozi, ukipenda amani). Oktoba mwaka huo watu wake waliwashambulia Wangonde waliojificha kwenye matete ya Kambwe, wakayachoma moto. Vita vikaendelea. Frederick Lugard, huyohuyo wa Uganda na Nigeria baadaye, alijeruhiwa akishambulia boma mwaka 1888. Mlozi alinyongwa Desemba 1895.

Nikaona nimepata kila kitu: adui, ngome, moto. Usiku ule tulipofika Kambwe nikamwambia rafiki yangu mmoja, "Tupa dadu tuone wangapi wametoka." Hakutupa. Aliiweka mezani taratibu, akasema bibi yake alizaliwa upande wa Karonga, na wale watu kwao wana majina. Tukanywa chai, kila mtu akaenda kulala.

Kiukweli nilikasirika kwanza. Kesho yake ndipo nikaelewa kwamba nilichukua kitu ambacho mwisho wake unajulikana, nikakigeuza bahati nasibu.

Basi nikaanza upya, na swali tofauti: ni wapi watu wa hapa walilazimika kuchagua bila kujua kinachokuja? Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890 uliufanya Songwe kuwa mpaka. Shida ni kwamba Songwe, hasa kule chini kwenye tambarare za Kyela, huhama njia yake mafuriko yakija. Shamba linalala huku, linaamka kule. Wajerumani wakaanza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza nao wanadai ya kwao. Yaani familia moja, nyumba mbili, serikali mbili, na mto usiotulia!

Wahusika wakawa ndugu wawili, mpagazi wa barabara ya Stevenson, na mhunzi aliyewahi kufika Mbozi kukiona kimondo. (Vitabu hupenda kusema kiligunduliwa na mpimaji mmoja mwaka 1930. Wenyeji walishakuwa na jina lake.) Kanuni niliibadili moja tu: dadu inaamua mto, haiamui watu. Ukipata sita, mto umehama.

Tulicheza mpaka saa sita usiku. Yule rafiki alikuwa ndugu mdogo, kajenga bondeni ili awe karibu na maji, na mkusanya kodi yuko njiani. Akanitazama, akachukua dadu mwenyewe. Sita.

"Haya," akasema, "nibebeeni milango."