Mkungu Uliovuka Mpaka

Mwaka 1886, Wadachi na Waingereza walipopatana juu ya mstari utokao mlango wa mto Umba hata Ziwa Nyanza, waliwakata Wakurya mapande mawili, ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa dola mbili. Walakini soko lao halikukatika, kwani nchi ya juu ya Tarime, yenye mvua maridhawa, haikuacha kuzaa ndizi.

Tijara hii ya ndizi ilikuwa ya ahali moja: mama na wanawe wakikata mikungu alfajiri, wakiifunika majani makavu ya mgomba isichubuke, kisha ikipakiwa juu ya punda au baiskeli hata Sirari mpakani, ambako ng'ambo ya pili ni Isebania.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikiwa katika kuvunjika, Tanzania iliufunga mpaka, usifunguliwe hata Novemba 1983. Na katika muda huo biashara ya tangu mababu ikaitwa magendo, jina ambalo, kwa maoni yangu, halimstahili mtu ampelekeaye shemejiye mkungu mmoja kwa njia ya panya.